Bure si Huru

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Nataka tuongee kuhusu programu za kompyuta, hasa hizi zinazoitwa za bure. Nimekaa mwezi mzima huku kwetu Temeke nikizijaribu moja baada ya nyingine kwenye kompyuta yangu kuukuu, na nimetoka na maneno.

Tuanze na neno lenyewe. Waingereza na Wamarekani wana shida moja ambayo sisi Waswahili hatuna. Kwao kitu usichokilipia na mtu asiye mtumwa vyote vina neno moja. Ndiyo maana Richard Stallman, yule Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, ametumia miaka zaidi ya 40 kuwaeleza watu kwamba anapotumia neno hilo kwa programu anazungumzia uhuru, hazungumzii bei. Sisi tumejaliwa maneno mawili: bure na huru. Hatuna haja ya Stallman kutufafanulia. Halafu ajabu ni kwamba tuna maneno mawili, lakini mambo yenyewe tunayachanganya kama kachumbari!

Hoja yangu ni hii. Kompyuta nyingi ninazozikuta hapa mjini zimejaa vitu vya bure. Vilivyo huru ni vichache mno. Na tofauti hiyo, ambayo wengi tunaiona ni ubishi wa wasomi, inatugharimu fedha, kazi na siri zetu.

Wote tunaujua utaratibu. Unanunua kompyuta iliyotumika pale Kariakoo, halafu unaipeleka kwa fundi "ikapigwe window". Iwe Tandika, Mbagala au Mwananyamala, mambo ni yale yale. Unatoa elfu kumi au kumi na tano, ukijua kubembeleza unapunguziwa. Baada ya saa mbili unarudishiwa mashine ina Windows, ina Office nzima, ina Photoshop, ina programu ya kuhariri video, na antivirusi juu yake. Ukitaka kuvilipia vyote hivyo kihalali ni mamia ya dola kila mwaka. Wewe umetoa hela ya chipsi kuku. Unaondoka unatabasamu.

Sasa jiulize, fundi kavitoa wapi? Kavipakua. Kuna mtu, hujui wa nchi gani, kavunja kufuli la programu ya watu, akaiweka mtandaoni aitakaye achukue. Ndiyo hiyo tunayoiita kraki. Huyo mtu ana huruma gani na wewe wa Tandika? Na mara nyingi maelekezo yake yanaanza na jambo gani? "Zima antivirusi kwanza." Yaani mgeni usiyemjua anagonga saa nane za usiku, anakuomba umfunge mbwa kwanza, ndipo aingie akupe zawadi. Na sisi tunamfunga mbwa!

Kuna dada mmoja ana steshenari Mbagala. Kazi zake ni zile tunazozijua: kuchapa barua za maombi ya kazi, kutoa kopi, kupanga ripoti za wanafunzi wa vyuo. Siku moja akaletewa programu ya kuhariri picha, kraki, kwenye flashi. Akaiweka. Kesho yake kila faili lilikuwa limeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina na hakuna hata moja lililofunguka. Ndani ya kila folda palikuwa na barua ya Kiingereza: lipa dola 980 urudishiwe mafaili yako, ukiwahi ndani ya saa 72 tunakupunguzia nusu, dola 490.

Hao jamaa hawakumlenga yeye. Ni kundi la virusi linaloitwa STOP/Djvu, na njia yake kuu ya kusambaa duniani ni hiyo hiyo, kujificha ndani ya kraki. Bei hizo ndizo lililokuwa likiwadai watu, awe wa Mbagala au wa Mumbai. Dada yetu hakuwa na dola 490. Alikuwa na wanafunzi watatu waliosimama mlangoni wakidai ripoti zao za utafiti, mmoja analia. Sasa niambie, programu ile ilikuwa ya bure?

Na hapo sijagusia flashi. Nani hajawahi kwenda kuprinti barua, akarudi nyumbani akakuta mafaili yote yamegeuka shotikati? Kompyuta isiyopata masasisho kwa sababu Windows yake ni ya kuvunja, fundi kaizima isije ikajulikana, hiyo ndiyo inayogeuza steshenari kuwa kituo cha kugawia magonjwa. Nawe unalipa shilingi mia kwa kila karatasi.

Sasa limekuja jingine. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mashine zinaendelea kuwaka kama kawaida, lakini viraka vya usalama vya kila mwezi vimekoma, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wenye mwisho wake. Wanachokushauri ni kuhamia Windows 11. Windows 11 nayo ina masharti. Inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa kompyuta za Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi cha 8 kilianza kutoka mwaka 2017. Nenda Kariakoo uone ngapi kati ya zile zilizotumika ni za kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Yangu ni ya kizazi cha 4, RAM GB 4. Kwa masharti ya wakubwa, yangu ni chuma chakavu.

Hapo ndipo nilipoamua kuzijaribu programu ambazo ni huru kweli. Na niseme kabla hamjanizomea: mimi ni mwandishi wa habari, si fundi. Sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Nimejaribu kama mtu wa kawaida anayetaka kazi yake iishe kabla mhariri hajapiga simu.

Huru maana yake nini hasa? Fikiria pilau ya mama ntilie. Kuna anayekupa sahani bure leo kwa sababu anataka uzoee, kesho akuuzie. Kuna anayekupa bure kwa sababu kaiba mchele wa jirani. Na kuna anayekupa sahani, akakupa na mapishi yake, akakwambia kapike kwako, ongeza pilipili, wagawie majirani, ukitaka uza. Huyu wa tatu ndiye programu huru, wengine huiita programu huria. Masharti yake yanakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuangalia ilivyotengenezwa ndani, kuibadili na kuigawa. Kwa hiyo ukiinakili kwenye flashi ukampa rafiki yako hujaiba kitu. Umefanya kile kile ambacho wenyewe wanataka ufanye.

Nilianza na Linux Mint. Nikalipakua faili lake usiku kwa bando la usiku, ni kama GB 3, nikaliweka kwenye flashi ya GB 8. Kilichonifurahisha ni kwamba unaweza kuijaribu moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Hupendi, unachomoa, unarudi kwenye mambo yako. Ni kama kuonja sokoni kabla ya kununua. Nilionja siku tatu, ya nne nikaiweka.

Matokeo? Kompyuta ile iliyokuwa ikiniacha nikaoge na kurudi kabla haijawaka, sasa inawaka nikiwa bado nimeishika. Wifi ilikubali yenyewe. Printa yangu ya zamani ilinisumbua dakika kumi, nayo ikakubali. Zile flashi za steshenari zenye shotikati nikaziingiza bila woga, maana virusi vile vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, hapa havina pa kushika. Mint inajengwa juu ya Ubuntu, na Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Wengi tunaliona jina hilo la kigeni, kumbe ni undugu mtupu. Ubuntu kwa Wazulu na Waxhosa ndiyo utu kwa Waswahili. Wakati ule walikuwa wakituma CD bure hadi mlangoni kwa yeyote anayeomba, popote duniani, mpango uliodumu hadi mwaka 2011. Kuna watu hapa mjini bado wanazo kwenye droo.

Kuandika nimehamia LibreOffice. Barua, habari, majedwali ya matumizi ya nyumbani, vyote inafanya. Ukweli usemwe, ukifungua faili la Word lenye majedwali mengi na mapambo, mpangilio unaweza kuyumba, na ukimrudishia mtu naye anaweza kukuta umeyumba. Dawa yake ni ndogo: kitu cha kusoma tu tuma PDF, programu yenyewe inatengeneza. Lakini kama mwajiri wako anataka faili linalokwenda na kurudi kwa watu sita wakilifanyia masahihisho, jipange.

Kwa sauti nimetumia Audacity. Hii waandishi wengi wa redio wanaijua. Ilianzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Nimehariri mahojiano ya dakika 40 hadi dakika 6, nikapunguza na ngurumo ya feni, kazi imeisha. Kwa redio ndogo isiyo na mtaji hakuna sababu ya kuiba kitu kingine.

Na VLC. Hii sina haja ya kuitangaza, ipo kila mahali palipo na filamu. Ila historia yake ndiyo niliyotaka muijue. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale huko Paris, waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao. Ile koni ya barabarani kwenye nembo yake ni kumbukumbu ya koni ambazo wanafunzi wale walikuwa wakizikusanya. Mwaka 2001 wakaifanya huru. Mapema mwaka 2025 watengenezaji wake walitangaza kuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6. Anayeuongoza mradi huo, Jean-Baptiste Kempf, ameshaeleza hadharani kwamba alikataa mamilioni ya euro kutoka kwa waliotaka kuitia matangazo. Hebu fikiria. Kila unapobonyeza koni ile bila kulazimishwa kuangalia tangazo la kamari, ni kwa sababu kuna mtu alisema hapana.

Sasa nirudi kwenye ile sahani ya pili, ya bure isiyo huru lakini pia haijaibwa. Hii ndiyo inayotuchanganya zaidi, kwa sababu ni halali kabisa na ina sura nzuri.

Mfano ni Avast, antivirusi ya bure iliyojaa kwenye kompyuta zetu kwa miaka mingi. Januari 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa ikiuza kumbukumbu za kurasa ambazo watumiaji walitembelea. Jumpshot ikafungwa mwezi huo huo. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5. Mlinzi uliyemwajiri bila mshahara alikuwa akiuza habari za nyumbani kwako. Unategemea ale nini?

Mfano mwingine ni CCleaner, ile ya kufagia uchafu. Mwaka 2017 wahalifu waliingia kwa watengenezaji wake wakapachika virusi ndani ya toleo rasmi, na watu zaidi ya milioni 2 wakalipakua wakidhani wanasafisha.

Mkiona hayo ni ya mbali, njooni nyumbani. Zile programu za mikopo kwenye simu. Kupakua bure, hela dakika tano. Ukibonyeza "kubali", imeshachukua majina yote kwenye simu yako. Siku ukichelewa kulipa, shangazi yako Songea, bosi wako na mchungaji wako wote wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni na kuyapiga marufuku. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria ni nzuri. Lakini sheria inakuja ukiwa umeshaaibika. Kubonyeza "kubali" unabonyeza wewe.

Hata programu huru inaweza kununuliwa na tajiri, sikatai. Mwaka 2021 Audacity ilichukuliwa na kampuni ya Muse Group, na muda mfupi baadaye ikatoka sera mpya ya faragha iliyowakasirisha watumiaji. Kukawa na kelele. Sera ikaandikwa upya. Na wasioridhika walichukua msimbo wake, wakatengeneza nakala yao na kuendelea kivyao. Hapo ndipo unapouona uhuru una kazi gani. Kwa antivirusi ya bure mtumiaji angeweza kulalamika tu. Hapa watumiaji walikuwa na mapishi mkononi, wanaweza kuhama na sufuria lao.

Nimefika mahali panaponiuma zaidi.

Mwaka 2004, hapa hapa Dar es Salaam, pale Mlimani, watu wetu walifanya jambo kubwa. Mradi ulioitwa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulichukua OpenOffice, ambayo ni programu huru, ukaifasiri kwa Kiswahili. Desemba mwaka huo ikatoka Jambo OpenOffice. Programu ya ofisi kwa Kiswahili! Ya kuandikia, ya majedwali, yote. Hawakuomba ruhusa kwa tajiri yeyote wala hawakusubiri Mzungu aone kama Waswahili wana soko. Mapishi yalikuwa wazi, wakapika. Na mwaka huo huo wa 2004 Microsoft nayo ikatangaza kwamba itafasiri programu zake kwa Kiswahili. Sisemi waliiga. Nasema tu kwamba mwaka ulikuwa ni huo huo.

Zaidi ya miaka 20 imepita. Nimepita steshenari nyingi Temeke na Kinondoni, sijaona hata moja inayotumia programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi yote ile, maneno yote yale yaliyotafutwa, hayakufika Tandika. Kwa nini?

Wengi watasema ni kasumba, tunapenda Kiingereza. Ipo, sikatai. Wengine watasema haikutangazwa vya kutosha. Nayo kweli. Lakini mimi nadhani sababu kubwa zaidi ni kraki.

Fikiria kibiashara. Programu huru ina silaha moja kubwa mbele ya mtu asiye na hela: bei. Mwenye steshenari wa mwaka 2004, akiambiwa Office ni mamia ya dola na Jambo ni sifuri, angechagua nini? Lakini hakuna aliyemwambia hivyo. Aliambiwa Office ya kuvunja ni sifuri na Jambo ni sifuri. Basi akachukua ile ambayo jina lake analijua. Kraki iliinyang'anya programu huru silaha yake pekee. Sisi tulidhani tunawakomoa matajiri wa Marekani, kumbe tulikuwa tunawaua watu wa Mlimani.

Na matajiri wenyewe walilijua hilo zamani. Mwaka 1998 Bill Gates, akizungumzia China mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu, alisema kwa maana kwamba kama watu wanaiba, basi ni heri waibe za kwetu. Watazizoea, na siku moja tutajua namna ya kuwadai. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Kraki ndiyo sahani ya kwanza ya kuonja. Siku hizi malipo ni ya kila mwezi, mafaili yamo mawinguni, na kijana aliyefundishwa kubonyeza programu moja tu tangu shule hawezi kwenda kokote. Siku ya kudaiwa imeshaanza kufika kwenye maofisi. Itafika na steshenari.

Najua mtaniuliza maswali, ngoja niyajibu mapema.

Mtasema mwajiri anataka anayejua Word na Excel. Sawa. Aliyezoea kupanga majedwali kwenye LibreOffice hapotei akikaa mbele ya Excel, kama aliyejifunza gari moja haanzi upya akipewa jingine. Mtu wa kumhurumia ni yule aliyekariri sehemu ya kubonyeza bila kuelewa anafanya nini. Huyo hata Microsoft wakihamisha kitufe kimoja tu anaita fundi.

Mtasema fundi atakula wapi. Atakula pale pale! Programu huru haimkatazi fundi kudai ujira wa kazi yake. Elfu kumi na tano ya kupiga Window ya wizi na elfu kumi na tano ya kuweka Mint ni ile ile, na hii ya pili anaweza kuiandikia bango mlangoni bila kuogopa COSOTA. Maana mjue, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo za Bongo Fleva. Sisi ndio tunaowalilia wasanii wetu wakiibiwa kazi. Tukiwa tunalia, tunaandika malalamiko kwenye Office ya kuiba.

Mtasema bando ni ghali. Kweli ni ghali, ndiyo maana uhuru wa kugawana ni mtaji. Mmoja akipakua, mtaa mzima unanakili kihalali.

Na wahariri video na wachora katuni mtasema programu huru hazijafikia kiwango cha zile za kulipia. Kwa baadhi ya kazi mko sahihi kabisa. Kama kazi inakulipa na chombo ni kile tu, kinunue, kiingize kwenye gharama, mtoze mteja. Hiyo nayo ni heshima. Ninachopinga ni mtu anayeandika barua ya kuomba kazi akihatarisha kila kitu kwa programu ambayo asilimia 95 ya vitufe vyake hajawahi kuvigusa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, madogo tu.

Moja, kabla hujapakua chochote, uliza: ni bure kwa sababu gani? Kama huoni nani anailipia, angalia vizuri, huenda ni wewe. Na pakua kutoka tovuti ya wenyewe, usichukue kwenye zile zilizojaa vitufe vitano vya kijani.

Mbili, tenga flashi moja. Weka humo Linux Mint, LibreOffice, VLC, Audacity, GIMP ya picha na 7-Zip ya kufungua mafaili yaliyobanwa. Ukienda kwa fundi mpe. Mwambie nataka hizi, hela yako ni ile ile.

Tatu, na hili ni kwa wasomi wenzangu mnaoshinda mkibishana kama kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi. Kazi ya 2004 haikuzikwa. OpenOffice ilipoingia mikononi mwa Oracle mwaka 2010, wengi wa watengenezaji wake walijitoa na kuanzisha LibreOffice, na Kiswahili cha Tanzania kimo kwenye orodha ya lugha zake. Tafsiri yake ina mapengo, na mlango wa kuyaziba uko wazi kwa yeyote mwenye intaneti na Kiswahili kizuri. Tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani kila Julai 7 kwa hotuba na vitenge. Tukitafsiri sentensi kumi kila mmoja wetu siku hiyo, lugha itafaidika kuliko kwa hotuba.

Yule dada wa Mbagala sasa anatumia Mint. Ripoti za wale wanafunzi hazikupatikana, wawili walikuwa na nakala za zamani kwenye barua pepe, wa tatu alianza upya kuandika. Nilipomuuliza mama mwenye duka kama wateja wanalalamika kuona kompyuta "ya ajabu", akacheka: "Mwanangu, mteja anataka karatasi itoke. Mengine hayamhusu."

Nawasilisha.